Mfano wa Mjane wa Seme

Kisumu, 14 Novemba 1971

Mama Opiyo,

Salamu sana. Mimi ni mzima na mashine yangu ni nzima, isipokuwa herufi R inayokwama kila nikiandika neno la ofisini. Bado niko pale pale kwenye baraza ya Yahya fundi cherehani, ng'ambo ya posta, na bado Yahya ananiambia kila asubuhi kwamba meza yangu inawazibia wateja wake njia. Lakini siku hizi anasema kwa sauti ndogo, maana wateja wangu ndio wanaomletea suruali za kushona.

Nakuandikia nikushukuru. Najua wewe ndiye uliyekuja kunishukuru, na kuku uliyetuletea tulimla kwa furaha, lakini zamu imegeuka. Sikiliza. Waandishi wa barua tumejaa mjini hapa, na kila mmoja anapiga kelele kwamba yeye ndiye ajuaye Kiingereza cha serikali. Mtu aliyetoka shamba atajuaje nani mkweli? Nikakaa nikafikiri. Majigambo hayaaminiki, ila jambo lililotokea linaaminika. Basi nimetengeneza ubao, nikaupaka rangi nyeupe, nikaandika kisa chako kwa herufi kubwa: shida ilikuwa nini, niliandika nini, kukatokea nini. Unasema hivi:

“MFANO. Mjane mmoja wa Seme. Mumewe alipokufa, shemeji alitaka kumrithi awe mke wake. Mjane alipokataa, shemeji alimpiga mpaka akamvunja mkono, akamnyang'anya shamba. Mwandishi L. Khaemba alimwandikia DC, mkuu wa wilaya: SINA SIKIO LINGINE CHINI YA JUA ISIPOKUWA LAKO. Leo mjane huyo analima shamba lake kwa amani. Je, wewe una shida gani?”

Mama, tangu niusimamishe watu hawaishi! Wanakuja wananiambia, “Niandikie ile ya sikio.” Tena kisa hicho nimekiandika katika barua ya kuomba kazi kwa chama cha wakulima wa pamba cha huko kwenu, ambao wanatafuta mwandishi wa kudumu. Nikiipata nitatoka barazani niingie ofisini, na mke wangu Nekoye ataacha kuniuliza kwa nini niliacha ualimu. Niombee.

Wako,
Laban Khaemba, Mwandishi

*

Karibu na soko la Kombewa, 2 Desemba 1971

Bwana Khaemba,

Salamu zako nimepokea, na Nekoye naye mpe zangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani umeandika habari za mtu mwingine.

Nani alimvunja nani mkono? Shemeji yangu Zadock hajanigusa hata kwa unyasi. Ni mtu wa maneno makali. Alikaa mlangoni kwangu akasema shamba la ndugu yake haliwezi kulimwa na mwanamke asiye na mwanamume, na ng'ombe hawatapita hapo mpaka nikubali kurithiwa. Hayo ndiyo niliyokueleza. Wewe uliandika kwa Kiingereza, kisha ukanisomea kwa Kiswahili, na uliponisomea hapakuwa na mkono uliovunjika. Mimi niliweka sahihi nikijua naweka sahihi juu ya maneno yangu.

Kuna jambo hulijui, kwa sababu sikukuambia. Barua ya DC ilipofika kwa chifu, chifu hakuisoma mbele ya watu. Ni mtu mwenye akili. Aliwaita wazee kando, wazee wakaenda kwa Zadock wakamwambia, “Sisi wenyewe tumeona, mwache huyu mama alime, mtoto wa ndugu yako atakula wapi?” Zadock alikubali kwa sababu aliombwa na wazee wake. Hakukubali kwa kushtakiwa. Mpaka leo hajui kama kuna barua. Msimu uliopita alileta ng'ombe wake akanilimia, na mkewe akaniita tupande pamoja. Jioni alikula kwangu, akamfundisha Opiyo kufunga nira. Amani yangu yote ni hiyo, na inasimama juu ya jambo moja tu, kwamba yeye ana heshima yake.

Tafadhali, ushushe ubao.

Ni mimi,
Seline, Mama Opiyo

*

Kisumu, 9 Januari 1972

Mama Opiyo,

Heri ya mwaka mpya. Usiogope. Jina lako halimo, jina la shemeji halimo, hata Kombewa haimo. Seme ni kubwa na wajane ni wengi.

Kuhusu mkono, nitakuambia kama ndugu yako. DC anapokea barua gunia zima. Wajane wanaonyimwa ng'ombe wa kulima, Mama, wako kila kijiji. Karani angeisoma ya kwako huku anapiga miayo, akaiweka chini ya zingine. Nilitia chumvi kidogo, nawe ukapata shamba. Mboga ukishaila na ukashiba humrudii mpishi kumuuliza alitia vijiko vingapi.

Chama cha pamba wamejibu! Wamesema barua yangu ilisomwa mbele ya kamati, na wanataka mfano mwingine. Siwezi kuushusha ubao wakati huu, wanaweza kutuma mtu kuja kuangalia. Lakini kwa ajili yako nimeusogeza kidogo, sasa uko upande wa kivuli.

Wako,
Laban Khaemba

*

Kombewa, 20 Februari 1972

Bwana Khaemba,

Zadock anakuja Kisumu kununua mbegu na ulimi wa plau. Huwa anapita posta. Huyu ni mtu anayesoma hata karatasi iliyofungiwa sukari. Kivuli hakitamzuia.

Sikuombi uufute. Uingize tu ndani kwa Yahya, mpaka wiki hii ipite. Nakuomba sana.

Seline

*

Kombewa, 20 Machi 1972

Kwa Bwana Khaemba, Mwandishi,

Hunijui, lakini umeandika habari zangu kwa herufi kubwa.

Nilisimama mbele ya ubao wako na gunia la mbegu begani. Nilisoma mpaka mwisho, nikaanza tena. Kweli hakuna jina. Lakini niambie ni mjane gani mwingine wa Seme aliyekataa kurithiwa, akapata shamba. Wewe ulikuwa ndani unakunywa chai na fundi, unacheka. Sikukusumbua.

Mimi nimempiga mwanamke? Uliza Seme nzima. Nililima shamba la marehemu ndugu yangu kwa ng'ombe wangu, nikidhani wazee wamenipa heshima ya kuniomba. Kumbe nililimishwa na DC. Na huyo DC mpaka leo anajua kwamba Zadock wa Kombewa ni mvunja mikono ya wajane. Nilikula chakula cha mwanamke huyo jioni ile, naye ananitazama, anajua ameniandika nini.

Sasa kuna njia mbili. Ninaweza kuubeba ubao wako mpaka ofisini kwa DC, aone unavyomdanganya kwa mashine, na tuone kama utakaa tena barazani. Au unaweza kuniandikia mimi. Aliyefunga fundo ndiye ajuaye kulifungua. Tena afadhali uwe upande wangu kuliko urudi tena upande wake.

Na usisahau kwamba mimi ni mjumbe wa kamati ya chama cha pamba. Barua zako tumezisoma; hata kisa cha mjane nilikisikia huko, ila humo hukutaja Seme. Mwenyekiti amezipenda.

Nangoja jibu.
Zadock

*

Kisumu, 24 Machi 1972

Mzee Zadock,

Heshima kwako. Barua yako imefika. Njoo Alhamisi asubuhi, kabla watu hawajawa wengi. Pitia mlango wa nyuma, kwa Yahya.

Wako mtiifu,
L. Khaemba

*

Kombewa, 30 Aprili 1972

Bwana Khaemba,

Sijui kama ile ya Februari ulipata, maana hukujibu. Zadock alirudi kutoka Kisumu akapita mbele ya mlango wangu bila salamu. Nikasema labda amechoka na safari. Kisha mvua ikanyesha. Wewe ni mtu wa Bungoma, sijui kwenu mnafanyaje, lakini hapa kwetu katika boma moja nyumba ya mkubwa hupanda kwanza, halafu nyumba ya mdogo hufuata ikishaitwa, na kupanda bila kuitwa ni mwiko. Mwaka jana mkewe alikuja mwenyewe kuniita. Mwaka huu walipanda wakamaliza, na mimi nikiwa nimekaa na mbegu kwenye kikapu ninasubiri kuitwa. Hakuna aliyekuja. Jirani akaniambia nisitangulie kufanya chochote, nitajiletea makubwa zaidi. Shamba langu sasa ni magugu, na la kwake limefika magotini.

Opiyo aliniuliza, “Mama, baba mkubwa amekasirika na mimi?” Alidhani alifunga nira vibaya.

Sasa limekuja jambo lingine. Chifu ameniita. Kuna malalamiko yamepelekwa kwa DC kuhusu shamba, na kesi itasikilizwa upya mbele ya wazee na mtu wa mipaka. Sijui nani aliandika, ila nasikia ni barua nzito, yenye Kiingereza kikubwa. Bwana Khaemba, nimekuudhi kwa habari ya ubao, nisamehe. Sasa sina mwingine. Nikija Kisumu utaniandikia majibu? Au uje wewe mwenyewe, uwaeleze kwamba ile habari ya mkono ilikuwa ni ya mwandishi, si yangu. Wewe wakikusikia watakuamini, wewe ni msomi.

Ni mimi,
Seline

*

Kisumu, 12 Mei 1972

Mama Opiyo,

Pole. Nimesikitika sana. Ningependa kuja, lakini kazi imenibana, na mashine iko kwa fundi, ile R sasa imekatika kabisa. Pia Nekoye haendelei vizuri, anakohoa.

Usifunge safari ya kuja Kisumu, utajichosha bure. Kwa maoni yangu huhitaji barua. Simama mbele ya wazee, wakikuuliza jambo lolote jibu ukweli mtupu. Ukweli hauhitaji mwandishi.

Mungu akutangulie.

L. Khaemba

*

Kombewa, 16 Julai 1972

Laban,

Nilifuata shauri lako.

Walikaa mbele ya nyumba ya chifu. Karani alisoma ile barua kwa Kiingereza, na kila alipomaliza kipande anaeleza kwa Kijaluo. Kwamba Zadock ni mtu mwenye heshima zake, mzee wa kanisa. Kwamba alisingiziwa na mjane ambaye yeye mwenyewe alimtunza. Kwamba shamba lilipatikana kwa uongo uliopelekwa serikalini. Kwamba aulizwe mjane huyo hadharani, ni lini Zadock alimpiga, na ni mkono gani aliouvunja.

Nikasikiliza huku nikisema moyoni, huyu aliyeandika anajua mahali penyewe pa kukata. Halafu karani akafika mwisho. Akaeleza: “Sina sikio lingine chini ya jua isipokuwa lako.” Watu waliguna kwa kusifu. Mimi nilikaa chini, wakanisimamisha.

Wakaniuliza, “Zadock alikupiga?” Nikasema hapana. “Hata siku moja?” Hata siku moja. “Nyosha mikono yako.” Nikainyosha yote miwili mbele ya wanaume wale. Wakaniuliza, “Sasa sahihi hii ni ya nani?” Nikasema ni yangu. Nikajaribu kueleza kwamba sikujua Kiingereza kile kilisema nini. Mzee mmoja akacheka, akauliza kama nilijua kilisema nini siku nilipopewa shamba.

Shamba limeandikwa kwa jina la Zadock, amtunzie Opiyo mpaka awe mtu mzima. Nimeambiwa naweza kukaa, lakini nikae chini yake, kama nilivyotakiwa tangu mwanzo. Nimekataa tena. Basi Opiyo anabaki, kwa sababu mtoto ni wa boma la baba yake, na mimi narudi kwetu Nyakach. Zadock hakunitukana. Alipokuja kumchukua mtoto alisema tu, “Ungeniambia mwenyewe, shemeji. Mimi ningekusikia.” Sijui kama ni kweli. Lakini katika wanaume wawili mliokaa juu ya maisha yangu, yeye aliniambia uso kwa uso.

Mimi nilidhani wewe ni uzio wangu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Nimesikia umepata ile kazi ya chama cha pamba. Sikuombei mabaya, sina nguvu hiyo. Ushushe tu ubao. Hakuna tena mjane wa Seme anayelima kwa amani.

Seline

*

Kisumu, 8 Oktoba 1972

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Akina Mama wa Soko, Katito.

Mheshimiwa Mama,

Nimepata habari kwamba chama chenu kina shauri na wenye maduka juu ya uwanja wa soko, na kwamba mnahitaji mtu wa kuwaandikia serikalini. Naomba kazi hiyo. Mimi ni mwandishi wa chama cha wakulima wa pamba, na nina ofisi. Sipendi kujisifu. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Natoa mifano miwili ya kazi yangu, muamue wenyewe.

Mfano wa kwanza. Mjane mmoja alipigwa na shemeji yake akavunjwa mkono, akanyang'anywa shamba. Niliandika barua moja tu. Mjane huyo alirudishiwa shamba, na mpaka leo analima kwa amani na kunitaja katika sala zake.

Mfano wa pili. Mzee mmoja wa kanisa alisingiziwa ukatili mbele ya serikali, na jina lake likachafuka. Niliandika barua moja tu. Ukweli ulidhihirika hadharani, jina lake likasafishwa na mali ya ukoo ikarudi mikononi mwake.

Niko tayari kuja siku yoyote mtakayonipangia.

Wenu mtiifu,
Laban Khaemba, Mwandishi

*

Katito, 29 Oktoba 1972

Bwana Khaemba,

Barua yako kwa chama imefunguliwa na mimi. Akina mama hawa wengi hawakusoma, basi nilipofika hapa kwetu Nyakach na kuanza kuuza njugu walinifanya karani wao.

Siku ya mkutano niliwasomea barua yako yote. Sikuruka neno. Nilisoma mfano wa kwanza, nikasoma wa pili, nikaikunja. Kisha nikawaambia: Mjane huyu ni mimi. Mikono yangu hii hapa. Mzee wa kanisa ni shemeji yangu. Shamba ni lile lile moja, na aliyenipa kwa uongo ndiye aliyeninyang'anya kwa ukweli, akanishauri mwenyewe niende nikaseme. Mwanangu yuko huko, mimi niko hapa. Nililia, siwezi kuficha. Nilijua sasa wataipasua barua hiyo.

Mama mmoja alinishika bega. Halafu mwenyekiti wetu, Mama Nabututu, anayeuza vyungu, akaniuliza taratibu, “Kwa hiyo, huyu akiandika, serikali inasikia?”

Nikasema inasikia.

“Akimwandikia huyu, huyu anapewa. Akimwandikia yule, yule naye anapewa. Shamba lile lile?”

Nikasema ndiyo.

Akafikiri. Akasema, “Pole sana, dada. Huyo si mtu. Lakini wenye maduka bado hawajamwona. Mwandikie upesi, kabla hawajamwona.”

Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Karani hana kura. Nimetumwa nikuambie kwamba umepata kazi, na uje siku ya soko na mashine yako. Utakaa karibu na mimi. Kila mstari utakaopiga utanisomea, na ukimaliza nitampelekea mwalimu wa shule anisomee tena.

Opiyo ameniandikia barua yake ya kwanza. Amejitahidi, herufi ni kubwa kubwa na amefuta sana. Anasema hajambo, baba mkubwa amemnunulia viatu. Anasema watoto wenzake shuleni wanamwambia mama yake ni mwongo. Yeye anawakatalia. Ananiuliza ni mkono gani uliovunjika, wa kulia au wa kushoto, ili awaambie.

Kwa niaba ya chama,
Seline, Karani